Namba 28,316,846,592 na Gesi ya Mnazi Bay

Pale mto Ruvuma unapoingia baharini, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, pwani imejikunja na kufanya ghuba iliyokingwa na rasi ya Msimbati. Ghuba hiyo ndiyo Mnazi Bay. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima wa minazi na mikorosho, na vipimo vya jadi vya pwani hiyo, kama vya pwani nyingine za Waswahili, vilitokana na mwili wa mwanadamu: shibiri, mkono, na pima ambayo ni mikono minne. Mwaka 1982 kampuni ya AGIP ya Italia ilichimba kisima mahali hapo ikakuta gesi asilia, miaka minane baada ya gesi ya Songo Songo kugunduliwa mwaka 1974. Wakati ule haikuonekana faida ya kuitoa, na kisima kikaachwa. Gesi ya Mnazi Bay ilianza kuzalishwa mwaka 2006, ikatumika kufulia umeme Mtwara, na mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa lenye kipenyo cha inchi 36 la kuipeleka Dar es Salaam baada ya kusafishwa Madimba.

Tangu hapo magazeti na redio yamekuwa yakitaja hesabu za gesi karibu kila mwaka, na hesabu hizo hutajwa kwa futi za ujazo: milioni kadhaa kwa siku, trilioni kadhaa zilizomo ardhini. Shuleni, hata hivyo, mwanafunzi hufundishwa mita. Kati ya futi ya magazeti na mita ya darasani pana namba moja ya kuvukia, na watu wengi huivuka wamefumba macho, kwa kubonyeza mashine ya kukokotoa na kuandika chochote itakachoonyesha. Yafaa namba hiyo ichunguzwe kwa makini, kwa sababu mbili. Kwanza, ina tabia za ajabu ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzithibitisha kwa kalamu na karatasi tu. Pili, anayeifahamu namba hiyo hadanganyiki kwa urahisi anaposomewa utajiri wa nchi yake.

Swali ni hili: futi za ujazo trilioni moja ni mita za ujazo ngapi?

Jibu ni 28,316,846,592. Yaani bilioni ishirini na nane, milioni mia tatu na kumi na sita, elfu mia nane arobaini na sita, mia tano tisini na mbili. Hili si kadirio, wala hakuna desimali iliyokatwa mwishoni. Ni namba nzima kamili.

Kwa nini ni namba nzima

Kwa muda mrefu futi ya Waingereza na futi ya Wamarekani hazikuwa na urefu uleule. Ya kwanza ilikuwa fupi kidogo, na ya pili ilikuwa ndefu kidogo, kwa tofauti ambayo seremala hawezi kuiona lakini mtengenezaji wa vyombo vya sayansi huiona mara moja. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba yadi moja iwe mita 0.9144 kamili. Futi ni theluthi ya yadi, kwa hiyo futi moja ikawa mita 0.3048 kamili, na inchi ikawa milimita 25.4 kamili. Tangu siku hiyo futi haina kielelezo chake chenyewe. Ni mtoto wa mita.

Sasa mwanafunzi na afikirie mchemraba ambao kila ukingo wake una urefu wa futi 10,000. Ujazo wake ni 10,000 × 10,000 × 10,000, yaani futi za ujazo 1,000,000,000,000, ndiyo trilioni moja. Ukingo huohuo ukipimwa kwa mita ni 10,000 × 0.3048 = 3,048. Basi namba inayotafutwa ni kipeo cha tatu cha 3,048. Hesabu yake ni nyepesi: 3,048 × 3,048 = 9,290,304; na 9,290,304 ikizidishwa kwa 3,000 hutoa 27,870,912,000, ikizidishwa kwa 48 hutoa 445,934,592. Jumla ya mazao hayo mawili ni 28,316,846,592.

Mchemraba huo si mdogo. Kimo chake, mita 3,048, kinapita nusu ya kimo cha Kilimanjaro, ambacho ni mita 5,895. Kitako chake kingefunika kilomita za mraba 9.29 hivi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina eneo la kilomita za mraba 650. Michemraba 69 ya namna hiyo ingeenea ndani yake kwa eneo, na wa sabini ungekosa nafasi kidogo tu. Ni lazima ikumbukwe kwamba gesi haikai chini ya ardhi ikiwa imetanuka hivyo. Shinikizo la miamba huibana ndani ya vitundu vidogo vya mawe ya mchanga, na futi zinazotajwa ni za gesi ikiwa imekwisha kuletwa juu, katika hali ya kawaida ya hewa.

Kuipasua namba

Njia ya kuijua namba yoyote nzima ni kuipasua katika namba tasa, yaani namba zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hapa kazi ni rahisi kwa kuwa asili ya 3,048 inajulikana. Futi ni inchi 12, na inchi ni milimita 25.4, yaani sehemu 254 za kumi za milimita. 12 × 254 = 3,048. Lakini 12 ni 2² × 3, na 254 ni 2 × 127. Kwa hiyo:

3,048 = 2³ × 3 × 127

28,316,846,592 = 2⁹ × 3³ × 127³

Je, 127 ni namba tasa? Inatosha kujaribu 2, 3, 5, 7 na 11, kwa kuwa 13 × 13 ni 169, ambayo imekwisha kupita 127. Hakuna hata moja inayoigawa bila baki. Basi ni tasa.

Mwalimu aweza kusimama hapa kidogo na kuwauliza wanafunzi namba yetu hii kubwa ina vigawo vingapi. Wengi wataanza kuviorodhesha na kuchoka. Njia fupi ni kuchagua: katika kila kigawo, kipeo cha 2 chaweza kuwa chochote kuanzia 0 hadi 9, ambazo ni njia 10, kipeo cha 3 kuanzia 0 hadi 3, njia 4, na kipeo cha 127 vivyo hivyo, njia 4. Jumla ni 10 × 4 × 4 = 160. Miongoni mwao yumo 8,128, ambayo ni 2⁶ × 127. Namba hiyo ni mashuhuri tangu zama za Wagiriki, kwa sababu vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe vikijumlishwa vinairudisha 8,128 ileile. Hakuna aliyeipanga ndani ya gesi. Imeingia pamoja na inchi, kwa kuwa 127 ni pungufu kwa moja ya 2⁷.

La kuangaliwa zaidi ni kigawo ambacho hakimo. Hakuna 5. Mfumo wa mita umejengwa juu ya kumi, na kumi ni 2 × 5 tu. Futi imeleta 3 na 127, na wageni hao wawili hawagawi kumi, wala mia, wala elfu, wala kipeo chochote cha kumi. Kutoka futi kwenda mita hakuna shida, maana ni kuzidisha. Kutoka mita kwenda futi ni kugawa kwa 127, na hapo ndipo shida inapoanza.

Safari ya kurudi

Mwanafunzi na agawe 1 kwa 127 kwa mkono, bila mashine. Atapata:

0.007874 015748 031496 062992 125984 251968 503937 007874 ...

Tarakimu zimetengwa sita sita makusudi. Kila fungu ni maradufu ya lililotangulia: 7,874, 15,748, 31,496, 62,992, 125,984, 251,968. La saba lingekuwa 503,936, lakini limezidi moja, likawa 503,937. Kisha mzunguko unaanza upya. Je, hii ni bahati?

Siyo. Siri yake ni kwamba 127 × 7,874 = 999,998. Kwa maneno mengine, milioni moja ikigawanywa kwa 127 huacha baki 2. Basi baada ya kuandika tarakimu sita za kwanza, baki iliyo mkononi si 1 tena bali ni 2, na tarakimu sita zinazofuata lazima ziwe maradufu. Baki inayofuata ni 4, kisha 8, 16, 32, 64. Katika fungu la saba baki ingekuwa 128. Lakini 128 ni 127 na 1 juu yake: hiyo 127 inaongeza moja katika fungu, na baki inarudi kuwa 1, kama mwanzo. Mafungu saba ya tarakimu sita ni tarakimu 42, na huo ndio urefu wa mzunguko. Mwenye macho makali ataona jambo jingine: tarakimu 21 za kwanza zikijumlishwa na 21 za mwisho hutoa 9 tupu, mara ishirini na moja.

Mita moja ni 1 ÷ 0.3048, yaani 1250/381 za futi, na 381 ni 3 × 127. Desimali zake ni 3.280839895013123359580052493438320209973753, kisha tarakimu zile 42 zilizofuata nukta zinajirudia bila mwisho. Ile 3 haikurefusha mzunguko, kwa sababu namba yenye 9 arobaini na mbili, ambayo inagawanyika kwa 127, inagawanyika pia kwa 3, na kwa hiyo kwa 381.

Lakini gesi hupimwa kwa ujazo, si kwa urefu. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3146667 na zaidi, na katika asili ya sehemu hiyo sasa imo 127 mara tatu. Je, mzunguko unarefuka mara ngapi? Hapa pana jambo la kupendeza. 7,874 yenyewe ni 62 × 127; kwa hiyo 999,998 = 62 × 127 × 127. Maana yake ni kwamba milioni moja huacha baki 2 hata ikigawanywa kwa 127². Tukio hilo ni nadra, lakini kwa safari ya kurudi halisaidii kitu: 10⁴², ambayo ni milioni iliyozidishwa kwa yenyewe mara saba, huacha baki 2⁷ = 128 kwa kigawanyi 127², wala si 1. Mzunguko haujafunga. Sasa 128 ni 1 + 127, na ukiizidisha kwa yenyewe, kila mara inaongezeka 127 moja: 1 + 2 × 127, 1 + 3 × 127, na kuendelea, kwa kuwa mengine yote yana 127² ndani yake na hayaachi baki. Ni lazima kufanya hivyo mara 127 kamili ndipo 127 × 127 itoweke na baki iwe 1. Kwa 127³ safari hiyo hurudiwa mara 127 tena. Urefu wa mzunguko basi ni 42 × 127 × 127, yaani tarakimu 677,418. (Ile 27 inayotokana na 3³ haibadilishi kitu, kwa kuwa 1/27 hujirudia kila tarakimu 3, na 3 inaigawa 42.)

Anayetaka kuandika mzunguko mmoja kamili wa desimali za mita moja ya ujazo kwa futi, akiweka tarakimu 2,000 katika kila ukurasa, atahitaji kurasa 339. Kwenda, namba nzima ya tarakimu kumi na moja. Kurudi, kitabu kizima.

Kipo kioja kidogo cha kihistoria kuhusu 999,998. Kwa agizo la Marekani la mwaka 1893 mita moja ilihesabiwa kuwa inchi 39.37 kamili, na wapima ardhi wa huko waliendelea kutumia futi hiyo ya zamani hadi mwisho wa mwaka 2022. 3,937 ni 31 × 127, na futi ya sasa ni 0.999998 ya futi ile ya zamani, kamili kabisa. Katika urefu tofauti hiyo ni ndogo mno; katika futi za ujazo trilioni moja ni mita za ujazo karibu 170,000.

Kukagua namba iliyonakiliwa

Namba ndefu huharibika njiani. Mchapaji hubadilisha nafasi za tarakimu mbili, msomaji wa redio huruka moja. Tuseme gazeti limeandika 28,316,864,592. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba namba sahihi inagawanyika kwa 9 atajumlisha tarakimu: 2 + 8 + 3 + 1 + 6 + 8 + 6 + 4 + 5 + 9 + 2 = 54. Inagawanyika kwa 9. Kosa limepita bila kuonekana, na lazima lipite, kwa kuwa kubadilisha nafasi hakubadilishi jumla. Hii ndiyo kasoro ya ukaguzi wa tisa ambayo vitabu vya shule mara nyingi havisemi.

Ukaguzi wa 127 ni mkali zaidi. Kwa kuwa milioni huacha baki 2, namba hukatwa tarakimu sita sita kutoka kulia, fungu la kushoto likazidishwa kwa 2 na kujumlishwa na la kulia. Katika namba sahihi mafungu ni 28,316 na 846,592. Maradufu ya la kwanza ni 56,632. Jumla ni 903,224. Nayo ni 56 × 127 × 127. Imepita, tena imepita kwa 127². Katika namba ya gazeti jumla ni 921,224, ambayo ikigawanywa kwa 127 huacha baki 93. Kosa limekamatwa.

Njia nyingine ni ya 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Tarakimu hukatwa tatu tatu, na mafungu yakajumlishwa na kutolewa kwa zamu kuanzia kulia: 592 − 846 + 316 − 28 = 34. Kwa hiyo namba yetu haigawanyiki kwa 7 wala 11 wala 13, na baki yake kwa 11 ni 1. Baki hiyo ina manufaa makubwa kwa yule anayetaka kutafuta ukingo wa mchemraba bila mashine.

Tuseme mwanafunzi amepewa 28,316,846,592 na kuambiwa tu kwamba ni kipeo cha tatu cha namba nzima. Iko kati ya kipeo cha tatu cha 3,000, ambacho ni bilioni 27, na cha 3,100, ambacho ni 29,791,000,000. Basi tarakimu mbili za kwanza ni 3 na 0. Inaishia na 2, na tarakimu pekee ambayo kipeo chake cha tatu huishia na 2 ni 8. Inagawanyika kwa 3, hivyo ukingo nao unagawanyika kwa 3. Zimebaki 3,018, 3,048 na 3,078. Sasa, kwa kigawanyi 11, namba pekee ambayo kipeo chake cha tatu huacha baki 1 ni ile inayoacha baki 1 yenyewe. Mwanafunzi na aijaribu 1 hadi 10 aone. 3,018 huacha baki 4, 3,078 huacha baki 9, na 3,048 huacha baki 1. Jibu limepatikana bila kukokotoa kipeo kimoja kikubwa.

Namba kamili, kipimo kisicho kamili

Baada ya kuisifu namba hii kwa ukamilifu wake, hapana budi kuonya juu ya matumizi yake. Makadirio ya gesi iliyogunduliwa Tanzania ambayo Serikali imekuwa ikiyataja ni futi za ujazo trilioni 57.54, kati yake 47.13 zikiwa katika kina kirefu cha bahari na 10.41 katika nchi kavu na maji ya karibu na pwani, ambako Mnazi Bay imo. Ukizidisha 57.54 kwa namba yetu, mashine itaonyesha mita za ujazo 1,629,351,352,903.68. Ni hesabu sahihi na ni jibu baya. Aliyesema 57.54 amedai kujua hadi sehemu ya mia ya trilioni. Kuzidi kidogo au kupungua kidogo kwa nusu ya sehemu hiyo ni zaidi ya mita za ujazo milioni 141. Tarakimu zote zinazofuata ile ya nne hazina habari yoyote ndani yake. Mwanafunzi na aandike 1.629 × 10¹², na akumbuke kwamba hilo ni kadirio la gesi iliyomo ardhini, ambayo haitoki yote. Anayemwandikia mwananchi senti 68 za mita ya ujazo katika hazina iliyo chini ya bahari hamheshimu.

Zipo hitilafu nyingine ambazo ni kubwa kuliko desimali zote. Futi ya ujazo ya wafanyabiashara wa gesi hupimwa katika joto la nyuzi 60 za Fahrenheit, na mita ya ujazo mara nyingi hupimwa katika nyuzi 15 za Selsiasi. Nyuzi 60 hizo ni 15 na tano ya tisa za Selsiasi, na gesi hunywea ikipoa. Tofauti hiyo ya nyuzi chini ya moja ni takriban sehemu mbili kwa elfu: katika trilioni moja ya futi ni mita za ujazo kama milioni 54. Ni afadhali kuuliza joto kuliko kuhesabu desimali.

Kisha kuna herufi. Katika taarifa za biashara ya gesi, herufi M haimaanishi milioni. Imetoka katika namba za Kirumi na maana yake ni elfu. Milioni huandikwa MM, kwa maana ya elfu mara elfu, ingawa Mrumi wa kale angeisoma MM kuwa elfu mbili. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa liweze kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, yaani mita za ujazo milioni 22.2. Anayeikuta 784 MM akapunguza M moja kwa kuidhani ni kosa la chapa, amelipunguza bomba mara elfu. Na neno bilioni lenyewe halikuwa na maana moja: katika vitabu vya zamani vya Kiingereza lilikuwa milioni mara milioni, ambayo leo ni trilioni, na ni mwaka 1974 tu Serikali ya Uingereza ilipotangaza kuwa katika hesabu zake bilioni itakuwa milioni elfu moja. Mwalimu anayetumia kitabu cha miaka hiyo na aangalie mwaka wa chapa kwanza.

Kwa bomba hilo likijaa kila siku bila kukoma, futi za ujazo trilioni moja zingepita katika siku 1,275 na nusu hivi. Mchemraba ule wa mita 3,048 ungekwisha katika miaka mitatu na nusu.

Mazoezi kwa wanafunzi

Kipenyo cha bomba la inchi 36 ni yadi moja. Onyesha kwamba yadi za ujazo trilioni moja ni mita za ujazo 764,554,857,984, na uipasue namba hiyo katika namba tasa bila kugawa hata mara moja.

Kati ya vigawo 160 vya 28,316,846,592, vingapi ni vipeo vya pili vya namba nzima, na vingapi ni vipeo vya tatu? (Majibu: 20 na 16.) Eleza jibu la pili lina maana gani kwa mtu anayetaka kuukata mchemraba wa mita 3,048 kuwa michemraba midogo iliyo sawa, yenye kingo za mita nzima.

Mwandishi mmoja amenakili 28,316,846,952. Onyesha kwamba namba hiyo inapita ukaguzi wa 8 na wa 9. Je, inapita wa 11? Je, inapita wa 127?

Wavuvi wawili wa Msimbati hawataki futi wala mita, bali pima ya futi 6. Tafuta pima za ujazo trilioni moja ni mita za ujazo ngapi, kisha utafute urefu wa mzunguko wa desimali pale mita moja ya ujazo inapoandikwa kwa pima za ujazo.